Fundi Cherehani na Chuma cha Shokapu

Jina la Mzee Breki alilipata barabarani, si nyumbani. Aliendesha magari ya watu kwa miaka mingi kiasi kwamba waliopanda kwake wakiwa wamebebwa mgongoni walikuja kupanda tena wakiwa na watoto wao mgongoni, na katika miaka hiyo yote hakugonga hata kuku. Nyumbani alikuwa baba watoto tu. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, hakumwita Breki isipokuwa siku alizotaka kumchokoza.

Alipostaafu walinunua gari lao wenyewe, saluni ya zamani ambayo weupe wake ulikuwa umeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Mzee aliliosha kila asubuhi hata kama halikutoka. Yeye ndiye aliyempeleka Fundi mashuleni na mafurushi ya sare, na mtu akikosea akamuuliza habari za gari lake, alijibiwa kwa kirefu mpaka ajute.

Halafu goti la kushoto, lile la klachi, likamgeuka. Daktari akasema mambo ya kuendesha ayasahau. Sasa Fundi alikuwa amejifunza udereva ukubwani, watoto walipokwisha kutoka nyumbani, na leseni yake ilikuwa imelala kabatini chini ya vitambaa. Akaitoa. Akakaa kwenye kiti ambacho tangu walinunue hakuna aliyewahi kukikalia zaidi ya mumewe, akasogeza kioo, akatia gia.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Gari lile, kwenye kona, lilikuwa linayumba we acha tu. Mbele kunataka huku, nyuma kunataka kule, milango inalia, usukani unataka kurekebishwa kila baada ya hatua mbili. Mzee kwa mikono yake ya miaka yote ile alikuwa amelizoea, analishika bila hata kujua kwamba anashika. Fundi hakuwa na mikono hiyo. Na mumewe pembeni, mkono mmoja kwenye mlango, mguu wa kulia unakanyaga sakafu kutafuta breki isiyokuwepo, hakumsaidia hata kidogo.

"Gari limekufa hili," Mzee akasema siku moja waliporudi nyumbani wote wawili wametoka jasho. "Nimeshaongea na dalali. Jumamosi anakuja kulichukua."

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza nini, mama watoto? Si umeliona mwenyewe?"

Fundi aliumia, tena aliumia sana. Maisha yake yote alikwenda kwa saa za watu wengine, akisubiri mwenye gari awe tayari, mwenye pikipiki apatikane, mume amalize kuosha vioo. Miezi ile michache nyuma ya usukani, pamoja na kuyumba kote kule, ilikuwa mara ya kwanza anatoka mlangoni akaenda anakotaka bila kumwomba mtu. Gari likiondoka, na hilo linaondoka nalo, na hapakuwa na gari jingine la kulitarajia. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Jumanne akalipeleka kwa fundi magari wa pale kona, bila kuaga. Fundi magari akalisukuma, akalitikisa, akaingia chini, akatoka anajifuta.

"Bushi, zile raba za miguuni, nilibadilisha mwenyewe, ni nzima. Shokapu nzima. Kilicholegea ni mwili wenyewe, mama. Limekula mashimo miaka yote hii. Hapa juu shokapu mbili za mbele zinaposhikia, kila upande unacheza kivyake. Kuna chuma kinapita katikati kinaziunganisha, na kingine cha chini. Orijino huwezi kupata kwa gari hili, lakini duka la spea wanavyo vya kuigiza, bei chee. Vilete nikufungie."

"Nitafunga mwenyewe," Fundi akasema.

Fundi magari akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alimjua mumewe vizuri. Gari likitengenezwa na fundi magari, Mzee Breki angesema ni kazi ya fundi magari, na Jumamosi dalali angelichukua vilevile; likifungwa na mkewe, angekosa kisingizio. Basi fundi magari akamwelekeza nati zipi, spana zipi, na jinsi ya kuweka magogo chini ya gari kabla ya kuingiza hata mkono, akamwazima jeki iliyo nzima.

Alipofika nyumbani na vile vyuma, vimefungwa kwenye gazeti, Mzee alikuwa barazani na goti lake juu ya stuli. Akavipokea, akavipima kwa mkono.

"Hii fimbo ya pazia umenunua ya dirisha gani?"

"La chumbani kwako. Lete."

Akavaa ovaroli ya zamani ya mumewe, akaikunja miguuni na mikononi, akafunga kilemba, akaingia kazini. Kwa kuwa chuma cha chini kilihitaji gari liinuliwe, akaliinua mbele lote, magurudumu yananing'inia, akafunga vyote viwili kwa mpigo mmoja. Cha chini kikakubali kwa shida. Cha juu kikagoma. Matundu ya upande wa kulia yalikaa, ya kushoto yakapishana na bolti zake kwa upana wa ukucha. Akavuta, akasukuma, akakikalia, akakitukana kidogo kwa sauti ya chini, mwisho akakibana kwa nguvu mpaka kikaingia. Kutoka barazani Mzee alikuwa anamtazama tu.

Wakazunguka mtaa. Ilikuwa aibu. Kuyumba kulipungua, ndiyo, lakini sasa gari zima lilikuwa linavuta kushoto, na kwenye boneti kumezuka mlio mpya, nyiii, kila likikanyaga jiwe. Fundi alingoja kuchekwa. Alikuwa na majibu yamejaa mdomoni.

Mzee hakucheka. Akamshika bega. "Usijisumbue zaidi, mama watoto. Umejitahidi."

Afadhali angemcheka. Fundi aliingia ndani akakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali, ameubana uzi mkononi, na hasira zote zilizokosa pa kwenda zikamgeukia yeye mwenyewe. Umejitahidi. Hilo neno anaambiwa mtoto aliyefeli.

Ijumaa mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaja kupimiwa pindo la gauni lake jipya. Akapanda juu ya stuli, Fundi akapiga magoti chini na pini mdomoni, akaanza kuzunguka.

"Simama kawaida, mwalimu. Usijinyooshe. Uzito wote kwenye miguu."

"Si ungelipima tu juu ya meza, Fundi? Miguu inauma."

"Likiwa mezani, au limetundikwa, linakuwa na urefu wake. Ukilivaa linakuwa na mwingine. Pindo linapimwa limevaliwa, mwenye gauni amesim..."

Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. Gari lake alilifunga likiwa limetundikwa. Magurudumu yananing'inia, hakuna uzito kwenye miguu, mwili umejivuta upande unaoutaka, halafu yeye akaubana na chuma katika hali ile ile ya kuning'inia. Lilipokanyaga chini lingefanyaje zaidi ya kulia?

"Mwalimu, samahani, ninatoka kidogo."

"Na pindo langu?"

"Halikimbii."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kutaka kujua. Alishuka kwenye stuli akamfuata hadi uani, upande mmoja wa gauni umepanda na pini, upande mwingine unaburura. Akamkuta Fundi amefungua boneti, gari limesimama chini kwa miguu yake minne, analegeza nati za kile chuma cha juu.

"Mwalimu, kwa kuwa umekuja, lalia hapa mbele. Kandamiza, achia. Tena."

Mwalimu mkuu akakandamiza kwa mikono miwili, mwanamke mzima mwenye mwili wake, gari likashuka na kupanda, likashuka na kupanda, likatulia. Na kile chuma, kilichogoma kikakaliwa na kutukanwa, kikateleza chenyewe kwenye bolti zake. Hakuna aliyekisukuma. Fundi akakichezesha kwa vidole viwili, akajisikia anatabasamu mpaka masikioni.

Akanyoosha mkono nyuma kutafuta spana, na spana ikawekwa kiganjani mwake. Namba kumi na nne, ndiyo aliyoitaka. Mzee Breki alikuwa amesimama pale, ameegemea fimbo yake, amekuja toka barazani kwa goti lile bila mtu kumsikia.

"Kaza kidogo kidogo," akasema. "Kulia, kushoto, kulia. Usimalize upande mmoja."

"Najua. Ndivyo ninavyobana mkanda wa sketi."

Kwa chuma cha chini walipandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene, gari likabaki na uzito wake miguuni na Fundi akapata nafasi ya kupita. Akaingia chini, akalegeza, gari likatikiswa tena na mwalimu mkuu ambaye sasa alikuwa anaifurahia kazi, akakaza. Mzee alikuwa anampa spana kabla hajaomba. Pindo lilimalizika jioni, na mwalimu alilisifia kuliko nguo yoyote aliyowahi kushonewa.

Jumamosi dalali akafika, viatu safi, funguo nyingi mkononi. Akakaa nyuma. Mzee mbele, kushoto kwa mkewe. Fundi akawapeleka kwenye ile barabara ya maghala ya saruji, ambayo malori yameichimba mifereji, kisha kushuka mteremko, kisha kona kali chini. Asikwambie mtu kwamba kile chuma kinaziba mashimo. Mashimo yalibaki mashimo na yaliwarusha wote watatu. Lakini kwenye kona gari lilikata kwa pamoja, mbele na nyuma, likanyooka lenyewe, wala mlango haukulia. Fundi alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili iliyotulia, na kifua kilikuwa kimemjaa, kwa sababu kona ile aliitengeneza yeye.

"Mzee," dalali akasema toka nyuma, "kwenye simu uliniambia limekufa."

Akataja bei juu ya ile waliyokubaliana. Waliposimama nyumbani akaongeza nyingine. "Nina mtu analingoja. Leo hii naondoka nalo."

Fundi alizima gari, akabaki na mikono palepale. Hakuwa amelifikiria hili. Aliona jinsi mjinga alivyokuwa: amelitengeneza vizuri hadi amelifungulia mlango liondoke. Mumewe alikuwa ameshampa mtu neno, na sasa neno lenyewe lina bei nzuri.

"Fungua boneti," Mzee akamwambia.

Akafungua. Mzee akashuka taratibu, goti kwanza, akamwita dalali kwa kidole.

"Unakiona hiki? Kinashika shokapu zote mbili kwa pamoja. Chini kuna mwenzake. Watu wanafunga gari likiwa juu ya jeki, halafu wanashangaa linavuta upande. Hili limefungwa limesimama, limebeba uzito wake. Hakuna tundu lililolazimishwa. Pitisha kidole uone. Amefunga mke wangu, kwa mikono yake."

"Safi kabisa, mzee. Ndiyo maana nimeongeza."

"Sasa, vyuma hivi ni vyake. Haviuzwi."

Dalali akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Basi vifungueni, nichukue gari bila hivyo."

"Bila hivyo limekufa," Mzee Breki akasema kwa upole. "Si nilikwambia kwenye simu? Siwezi kukuuzia mzoga, kijana, nina jina langu mjini."

Dalali akamtazama Mzee, akamtazama Fundi, akalitazama gari. Akachezesha funguo zake. Akaaga kwa adabu, maana dalali hagombani na mtu ambaye kesho anaweza kumletea mteja, akaenda zake.

Fundi alikuwa bado ndani ya gari. Alitegemea mumewe aje aseme kitu. Hakuja. Aliiacha boneti wazi, na kila aliyepita barabarani akaitwa. Aliitwa muuza mkaa, akaitwa kinyozi na kitambaa chake begani, wakaitwa vijana wawili waliokuwa wanakwenda zao mpirani. Mzee akawaonyesha kwa ncha ya fimbo, juu, chini, jeki, uzito, akiongeza chumvi mahali pasipohitaji chumvi. "Usiku kucha anafikiria," alisikika akisema. "Mimi nimeendesha maisha yangu yote, hili sikulijua." Na sauti yake haikuwa na kinyongo chochote. Alikuwa anajivuna waziwazi, bila haya, kama alivyowahi kujivunia watoto wake walipofaulu.

Fundi aliwaacha wee, mpaka akakumbuka furushi la sare lililokuwa linasubiriwa ng'ambo ya mji. Akalifuata ndani, akalitupa kiti cha nyuma, akawasha gari. Watu walikuwa wamejaa mbele hawana habari. Akapiga honi.

Mzee Breki akafunga boneti, akaipangusa kwa mkono wa shati, akawasogeza watu kwa fimbo yake.

"Mpisheni dereva," akasema.

Fundi alilisikia neno lile vizuri. Alijifanya hakusikia, akatia gia, kwa sababu macho yalikuwa yameshajaa maji na mbele yake kulikuwa na kona.