Shuka la Watu Wawili

Kama kuna mtu aliyewahi kupandishwa cheo akakosa raha, ni msimamizi mpya wa kiwanda kile cha kufulia. Juzi tu alikuwa mkunja mashuka, mdomo wake hauna kufuli. Sasa amepewa kibanda chenye kiti cha kuzunguka na simu ya mezani, na wenzake wakimwona anakuja wanashika kazi kama wanafunzi walioona kivuli cha mwalimu. Kilichomfariji ni kwamba waliendelea kumwita Dada Shuka, jina lake la siku zote.

Cheo chenyewe kilikuja na mtihani. Mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Haraka kwa sababu alitembea kama anayefukuzwa na nyuki, alitaka kununua mtambo wa kisasa, ule unaojiendesha wenyewe kwa kompyuta. Fedha zilitosha mtambo mmoja tu. Ulikuwapo wa kukunja mashuka, na ulikuwapo wa kubeba nguo mbichi, ndoana zinazotembea kwenye reli ya darini na kupeleka mzigo kutoka mashine ya kufulia hadi ya kukaushia bila mkono wa mtu. Yeye aliupenda wa kukunja. Alisema pale kwenye meza za kukunjia ndipo watu wanapopiga domo mchana kutwa, na mtambo hauna domo. Lakini alikuwa amesikia mahali kwamba kiongozi mzuri huwauliza watu wake, basi akamtuma Dada Shuka akamuulize kila mmoja ni kazi gani akipunguziwa atafurahi. Ijumaa alitaka jibu.

Dada Shuka alilijua jibu kabla hajauliza, maana alikuwa akilichua kwa dawa kila jioni. Mbeba makapu ya nguo mbichi alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mdogo na kumwingiza kazini pale pale. Kiwanda kizima kilimwita Shangazi. Shuka likishalowa si shuka tena, ni mzigo wa kuni, na mama yule alikuwa amebeba kuni hizo miaka na miaka. Akifika nyumbani analala kifudifudi, binti wa kaka yake anamchua kiuno, na kila mara anamwapisha upya: neno hili lisitoke humu ndani. Aliamini wakijua mgongo wake umechoka, watampa mkono wa kwaheri.

Basi fikiria mwenyewe. Mtambo wa kukunja ukija, Shangazi ataendelea kubeba mpaka adondoke. Siri ikitoka, huenda akakosa kazi, na kiapo cha mtu aliyekulea hakivunjwi hivi hivi. Dada Shuka hakuwa na pa kushika.

Akaenda kuuliza. Mpiga pasi, mwenye mikono iliyojaa alama za moto, alisema mvuke unamlainisha ngozi. Mtoa madoa, ambaye hupiga chafya tangu asubuhi hadi jioni, alisema ile dawa inamzibua pua na hajui angeishije bila hiyo. Shangazi alitua kapu, akajikaza kisabuni, akasema kubeba ndiko kunakompa usingizi mnono. Kisha akamkazia macho msimamizi wake, na yale macho yalisema mengine. Hakuna kiwanda duniani kilichowahi kuwa na watu wanaopenda kazi zao kiasi kile.

Ijumaa ilipofika Dada Shuka alikikimbia kibanda chake akaenda kukunja, ingawa alikwishaambiwa kuwa wasimamizi hawakunji. Alifanya hivyo kila alipozidiwa. Shuka kubwa la hoteli halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika pembe, wakalikung'uta, wakatembea kuelekeana mpaka mikono ikagusana, mmoja akamwachia mwenzake pembe zake, akainama kuokota mkunjo, wakaachana, wakakutana tena. Na huwezi kukutana na mtu uso kwa uso namna hiyo ukabaki bubu. Pale ndipo waliogombana walipopatana. Pale ndipo mpiga pasi alipomposa mkewe, kati ya mkunjo wa pili na wa tatu, na yule mama akamjibu shuka lilipoisha.

Mwenzake aliitwa getini kupokea gari la mashuka ya hospitali, akamwacha Dada Shuka na pembe mbili mkononi na nyingine mbili zinaning'inia. Wakati huo huo Bwana Haraka akaingia, mbio mbio, anataka jibu lake.

"Nishikie huko, bosi, litagusa chini," alisema Dada Shuka.

Kwa ile haraka yake, alishika kabla hajafikiri. Walipokutana mara ya kwanza aliuliza watu wamesemaje, akaambiwa kila mtu anapenda kila kitu. Akasema hilo haliwezekani, hata yeye hapendi kazi yake yote. Wakaachana. Dada Shuka akapiga moyo konde.

"Wanaogopa," alisema walipokutana tena. "Mtambo ukija, nani anaondoka?"

Bwana Haraka alisimama. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama. "Hakuna anayeondoka. Tumepata hospitali mpya, watu wenyewe hawatoshi. Si wanajua?"

"Nani aliwaambia?"

Bwana Haraka akaanza kuhesabu. Alikuwa ameiambia benki, amemwambia mkewe, amewaambia wauza mitambo. Waliosahauliwa ni hawa waliokuwa wakilala na hofu hiyo na kuamka nayo.

Neno la mgongo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Dada Shuka. Akalimeza. Lakini Shangazi mwenyewe alikuwa anapita na kapu, na shuka jingine lilikuwa mezani linasubiri. Dada Shuka akamwomba ampokee pembe, yeye anachungulia gari getini mara moja, kisha akaenda kusimama nyuma ya nguzo na wala hakuchungulia gari lolote.

Shangazi alifuta mikono, akashika pembe. Wakakung'uta, wakaelekeana.

"Shangazi," alisema Bwana Haraka, kwa sauti iliyofika kwenye pasi za mwisho, "mtambo ukija hakuna atakayeachishwa kazi. Ilibidi niwaambie mapema. Mnisamehe."

Pasi zilinyamaza. Wale wawili wakaachana, wakanyoosha, wakarudi kukutana, na ulimi wa Shangazi ukafanya kile ambacho ndimi zote hufanya pale.

"Basi mwanangu, mgongo wangu umekwisha," alisema, kama anayeomba chumvi.

Akashtuka kujisikia, lakini lilikwishatoka. Mpiga pasi akapandisha mikono yake juu akasema na yeye ule mvuke si wa kulainisha ngozi. Mtoa madoa akataka kusema lake, chafya ikamwahi, na hapo watu wote wakaangua kicheko, Bwana Haraka akicheka kuliko wote huku shuka limemzonga shingoni. Dada Shuka nyuma ya nguzo alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, hakuweza kutofautisha.

Ukanunuliwa mtambo wa kubeba. Siku ulipowashwa, Shangazi alisimama meza ya kukunjia na binti wa kaka yake, ndoana zikipita juu yao kwa mlio mdogo. Wakakung'uta, wakaelekeana.

"Ulinisukumia lile shuka makusudi," alisema Shangazi.

"Uliniapisha nisiseme. Hukuniapisha nisikunje."

Shangazi alitikisa kichwa akitabasamu. Wakaachana, wakakutana, na safari hii hakuachia pembe. Alishika mikono ya Dada Shuka pamoja na shuka lake.

"Nilidhani nabeba peke yangu," alisema. "Kumbe kila jioni nilikuwa nakutwika na wewe, mwanangu."

Dada Shuka alimkumbatia kwa mikono yote miwili, na shuka likaanguka sakafuni. Lililogusa sakafu lazima lifuliwe tena, hiyo ndiyo sheria ya pale, na msimamizi alikuwa yeye. Likarudi likafuliwa. Baada ya muda wakaliona linapita juu ya vichwa vyao kwenye reli, zito, linawadondoshea maji, na Shangazi akalipungia mkono.