Koti la Kwendea Baridini

Mayasa wa Kikwajuni ameshona mabuibui miaka ishirini na mitano katika kiduka chake cha Mlandege, na hajapata kurudishiwa nguo hata moja. Ukimwambia nguo inakubana, atakutazama juu mpaka chini, kisha atakuuliza siku hizi unakula nini. Sasa fundi kama huyo, mwanawe wa pekee anakwenda kusoma Norwei, mwezi wa Januari, theluji tele, utamwambia akanunue koti dukani? Thubutu!

Nadra mwenyewe ni mpenda kupendeza tangu utotoni. Alimwonyesha mama yake picha kwenye simu, makoti marefu yaliyokamata kiuno, akasema yeye hendi kwa watu kafungwa kama gunia la karafuu. Mayasa akazama kwenye mitumba ya Darajani, akaibuka na koti jeusi la sufu ambalo hakuna mtu Unguja aliyekuwa na haja nalo. Akalifumua lote. Akampima binti yake sebuleni akiwa na dera lake jepesi, akapunguza vidole vinne kila ubavu, akashona siku tano. Lilipokwisha lilimkaa Nadra hata majirani wakaja kutazama. Mabaki akayafanya vitambaa vya kushikia sufuria.

Lakini moyo wake haukuwa kwenye koti. Maisara, binti wa dada yake, alikwenda Kanada kusoma miaka miwili. Huu ni mwaka wa kumi na tano, na mama yake anaambulia picha tu. Mayasa aliogopa Nadra naye asije akaenda moja kwa moja. Hakulisema. Angelisema angelia, na angelia, Nadra asingeondoka, na hilo pia hakulitaka.

Zilipobaki siku mbili alishikilia kwamba koti halitoki Unguja bila kujaribiwa. Kaka yake Bakar ni mweka stoo wa hoteli moja huko Kendwa, na hoteli ina chumba cha baridi cha kuwekea samaki. Bakar alicheka mpaka akakaa chini, lakini dada yake hamkatalii kitu, akawaombea ruhusa kwa meneja. Nadra akavaa kama barua ya chuo ilivyoelekeza: fulana nzito ya ndani, sweta, na sweta jengine juu yake. Kisha akatia koti.

Halikufunga. Vifungo huku, matundu kule, baina yake shibiri nzima. Nadra akavuta pumzi, akajibana, wapi! Mayasa alisimama baina ya masanduku ya pweza, meno yanamgongana, akaelewa alichokifanya. Maisha yake yote anampima mtu kwa mwili wake na nguo moja nyepesi, basi. Haikumpitia akilini kwamba ziko nchi watu huvaa nguo tatu na koti likaja la nne. Nadra alimshika mkono, akamwambia si neno, ataliacha wazi. Aliache wazi, kwenye theluji! Njia nzima ya kurudi mjini Mayasa alilipakata lile koti, akipima kwa vidole shibiri iliyokosekana.

Asubuhi, baada ya chai, alivuta sanduku la chini ya kitanda akatoa joho. Lilikuwa joho zito jeusi lenye tarizi ya dhahabu, alilolivaa marehemu mumewe, Mansour, siku ya harusi yao. Tangu afariki, Nadra akiwa na miaka mitatu, limeazimwa na mabwana harusi wa mtaa mzima, wembamba kwa wanene, na kila mara limerudi limekunjwa vizuri, linanukia udi wa nyumba ya watu. Mayasa alilibusu. Kisha akatia mkasi.

Ilipofika alasiri koti lilikuwa na kipande cha joho kila ubavu, kutoka kwapani mpaka chini, na tarizi ikishuka nacho. Nadra akavaa masweta yote mawili, jasho linamtiririka, akafunga kifungo cha kwanza hadi cha mwisho. Kiuno kimo, na pumzi imo. Halafu akaigusa ile tarizi, akaijua, akakaa kitandani akalia. Mayasa alimkaripia asiirowanishe kazi ya watu.

Siku ya safari jua la kaskazi lilikuwa linachoma, na Nadra alikataa katakata kulitia koti begini. Alilivaa pale pale uwanja wa ndege, watalii wenye kaptura wanageuka kumwangalia. Akambusu mama yake mkono.

"Mama, umelikata joho la Baba kwa ajili yangu. Mabwana harusi sasa wataazima nini?"

Mayasa alimfunga kifungo cha juu, taratibu, kama alivyokuwa akimfunga zamani akienda skuli.

"Watangoja," alisema. "Joho hili, kila aliyeliazima amelirudisha mwenyewe, kwa mkono wake. Na wewe sikukupa, mwanangu. Nimekuazima."