Nukta Nyekundu Iliyochelewa

"Caro, yuko wapi?" Sauti ya Danson ilikwaruza tena kwenye redio. "Watu wameanza kurudi kutoka bombani. Nifunge njia gani?"

Kwenye skrini ya laptop, ramani ya Sagalla ilikuwa ikijichora mstari mmoja mmoja. Mlima ulikuwa umetokea, na kipande cha barabara. Nukta nyekundu, ambayo ndiyo tuliyoihitaji, ilikuwa bado.

Nukta hiyo ilikuwa ndovu. Mwaka huo wa 1998 alikuwa amemkanyaga mlinzi wa shamba hadi kufa, na mradi wetu wa wanyamapori ukamvalisha shingoni mkanda wenye redio. Danson alisimama na antena upande mmoja wa mlima, Kitonga upande wa pili. Kila mmoja alijua mlio wa mkanda unatoka upande gani, hakujua ndovu yuko umbali gani. Walinisomea nyuzi za dira, nikaziingiza, na laptop ikatafuta mahali mistari yao miwili ilipokutana. Ramani ya karatasi ilikuwa imeliwa na mchwa ukutani. Gari lilikuwa moja, njia za kutoka bombani mbili, na siku ya maji Sagalla nzima huwa njiani na mitungi.

"Subiri kidogo," nilisema.

"Kidogo gani, dada? Ulinituma shambani kwa kina Ndulu, nimekuta mavi tu. Na yamepoa!"

Aliyoyasema yalikuwa kweli. Nukta ilipotokea, ndovu alikuwa ameshaondoka zamani. Asubuhi ile nilikuwa nimeweka draiva mpya, programu inayoendesha skrini, kutoka kwa disketi aliyoniachia bosi alipokwenda Nairobi. Alisema ingeharakisha ramani. Badala yake, tangu niiweke, mashine ilikuwa ikijikokota, na mimi nilikuwa nikiwaza mtoto fulani nisiyemjua, ana mtungi kichwani, anakata kona.

Chuoni tulifundishwa kwamba kilichobadilishwa mwisho ndicho cha kushukiwa kwanza. Nikaiondoa draiva mpya, nikairudisha ya zamani. Nikazima, nikawasha. Ramani ikatoka mbio, nami nikasema asante Yesu kwa sauti. Lakini kabla sijamaliza kuingiza nyuzi za Kitonga, mistari ikaanza tena kujikokota.

Basi draiva haikuwa na kosa. Nikafungua programu ndogo inayoonyesha kasi ya prosesa, ubongo wa mashine. Nambari ilikuwa ikishuka nikiitazama, hadi ikabaki nusu. Ni kitu gani huanza na nguvu, kisha kikachoka? Nikagusa ubavu wa laptop, nikaondoa mkono haraka. Ulikuwa unaunguza.

Mama Mwanamvita, mpishi wetu kutoka Kaloleni, aliingia na chai. "Kunywa, mwanangu. Umesawijika kama umefiwa."

Ndipo nilipokiona kile kitambaa chini ya mashine, ingawa nilikuwa nimekikodolea macho mchana kutwa. Nani hushangaa kuona kitambaa? Kila nyumba redio ina chake, kochi lina chake.

"Mama, hiki umekiweka lini?"

"Leo asubuhi. Nimekifuma kwa mkono wangu, na nimekikunja mara mbili kiwe kizito. Kitu cha thamani vile hakikalishwi juu ya mbao tupu kama sufuria."

Feni ya laptop ilivutia hewa kutoka chini. Tundu zake zilikuwa zimezibwa, na prosesa, ili isiungue, ilikuwa ikijipunguzia mbio yenyewe. Nikakivuta kitambaa kwa pupa. Kikombe kikapinduka, chai ikakilowesha chote.

Mama Mwanamvita alikiokota. "Haya," alisema taratibu. "Nikakisuuze kabla rangi haijashika." Akatoka kwa mlango wa nyuma. Hata radhi sikumwomba, nilikuwa nimeshaigeukia mashine.

Niliinua laptop juu ya vitabu viwili na kuipepea kwa gazeti. Nambari ikapanda pole pole, kisha ikasimama palipostahili. "Danson, Kitonga, nisomeeni upya."

Walisoma. Ramani ikajichora mara moja: mlima, barabara, njia mbili, mashamba. Nukta nyekundu haikuwa kwenye njia yoyote. Ilikuwa imekaa juu ya kijisanduku cheusi, na kijisanduku hicho kilikuwa nyumba yetu ya mradi, humo humo nilimokuwa.

Huko nyuma nilisikia mfereji wa tangi ukichuruzika.

Nilifika mlango wa jikoni. Mama Mwanamvita alikuwa ameinamia beseni. Nyuma yake lilisimama tangi la bati, na nyuma ya tangi, karibu mno, ukuta wa kijivu ulikuwa ukipumua. Tangi lilikuwa limewaficha, huyu asimwone yule. Kelele yangu moja ingemshtua ndovu.

"Mama," nilisema, kama mtu anayeomba chumvi. "Njoo ndani. Usigeuke. Usikimbie."

"Si neno, mwanangu, doa limeshatoka..." Aliinua macho, akauona uso wangu. Aliacha beseni. Alikuja akitembea, na alipofika kizingitini nilimshika kifundo cha mkono, nikamvuta, nikatia komeo. Tukajisogeza mezani.

"Caro! Yuko wapi? Sema!"

Nikabonyeza redio. "Yuko hapa."

"Wapi? Ongea kwa nguvu, hatukusikii!"

"Kwetu," nilinong'ona. "Kwenye tangi. Danson, waache watu wapite. Njia zote mbili ni salama."

Nje, bati lilikunjika kwa mlio mrefu, na maji yakaanza kumwagika. Mama Mwanamvita hakuuachia mkono wangu. Alikuwa akisoma dua chini kwa chini, na mimi, mtoto wa kanisani nisiyejua hata neno moja la dua hiyo, kila aliponyamaza niliitikia amina.