Bakshishi ya Ukumbini

Asubuhi ile ya Februari Willa Stroud alimfunga mumewe skafu mbili, akamvalisha koti ndani ya nyumba yao wenyewe, akamkalisha karibu na jiko la gesi. Mashine ya kupashia nyumba joto ilikuwa imekufa tangu Jumapili, na fundi alitaka nusu ya malipo kwanza.

"Marejesho yangu ya kodi mwaka huu ni ya kufuru, Leland," alimwambia mumewe. "Kesho utavua hilo koti."

Akaenda kwa Odessa Krantz, yule mama anayewajazia watu fomu za kodi katika chumba kilichobanwa kati ya dobi na duka la donati, hapa Toledo. Tangu sheria mpya ipite, foleni ilifika hadi kwenye mashine za kufulia, na Odessa alikuwa amekauka sauti kwa kujibu maswali.

"Bakshishi haikatwi kodi tena," Willa alisema kabla hajakaa sawasawa. "Nilisikia kwenye runinga. Mwezi wa nane nikaenda ofisini kazini nikawaambia wanikate kodi kidogo kwenye mshahara."

Odessa akafumba macho. "Bila kuniuliza?"

"Nikuulize nini, shoga, na nchi nzima ilikuwa inaimba?"

"Haya niambie. Kule ukumbini unakohudumia harusi, wageni wanakupa bakshishi mkononi?"

"Ukumbi unaweka kwenye bili. Asilimia ishirini. Halafu tunagawiwa."

"Mgeni anaweza kukataa?"

"Akatae vipi na imeshachapwa?"

"Basi serikali haiiti hiyo bakshishi, Willa. Inaiita mshahara. Msamaha ni kwa ile anayotoa mtu kwa hiari yake."

"Sinia ni lile lile! Na mgongo ni huu huu!"

"Najua."

"Basi andika hiari. Fomu ya mwajiri haikutenganisha, nani atajua?"

"Ndiyo maana wametuachia sisi wajaza fomu tuulize. Nimekuuliza, umenijibu. Nikiandika uongo nitatozwa faini, na wewe barua itakufuata, riba juu. Yule mjaza fomu wa pale kwenye duka la matairi atakuandikia huo uongo. Akishachukua ada yake humwoni tena."

Lakini Odessa hakumwachia hapo. Akaangalia umri wa Willa na wa Leland, maana sheria hiyo hiyo inawapunguzia wazee kodi. Akatafuta saa za ziada za Desemba, maana nazo zina msamaha, ile nyongeza tu, si malipo yote. Akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena.

"Mnajaza fomu au mnapika supu?" mtu akapaza sauti huko nyuma.

"Ukiona njaa, donati ziko mlango wa pili!" Odessa akamjibu kwa sauti yake ya kukwaruza. Kisha akamgeukia Willa. "Ulikuwa udaiwe. Sasa hudaiwi. Lakini hurudishiwi kitu."

"Leland ana kifua, Odessa."

"Najua, mpenzi. Saini hapa. Na hapa atasaini yeye. Ada yangu utanilipa kiangazi."

Mchana huo kulikuwa na harusi. Willa alifunga aproni, akabeba mchuzi. Meneja wao, Trask, alikuwa amekataza kabisa kuzungumza na wageni habari za pesa. Kwenye meza ya kwanza, mjomba wa bibi harusi akamchekea.

"Unatulisha vizuri, mama. Nimeona kwenye bili mmeshawekewa chenu."

Willa akatua bakuli la mchuzi.

"Hicho cha kwenye bili, bwana, kinakatwa kodi kama mshahara. Ule msamaha uliousikia haukigusi. Ukitaka kunishukuru, nishukuru mkononi."

Yule mzee akaanza kujipapasa mfukoni, mkewe akimkanyaga mguu. Trask alikuwa amefika, tabasamu limemganda.

"Willa, jikoni."

"Nikimaliza mchuzi, bosi."

"Nimesema sasa hivi."

"Na wageni wale viazi vikavu?"

Akachukua bakuli lake, akampita begani, akasimama kwenye meza ya pili. Safari hii hakungoja kuulizwa, na alisema yale yale ya bili na kodi kwa sauti ya kusikika hadi meza ya tatu.