Kahawa ya Ma Benigna na Mashine ya Bukoba

"Mashine yetu haisemi uongo."

Joviana alilitamka neno hilo mbele ya kijiji kizima, kidevu juu, mikono kiunoni. Laiti angejua! Lakini nani angemwambia? Alikuwa msomi wa kwanza wa kike kutoka kilima kile, kati ya Nshamba na Ijumbi, na alipokuwa na hakika na jambo hata baba yake alikuwa akikaa pembeni apite.

Kazi yake ilikuwa Bukoba mjini, kwenye kituo cha utafiti cha chuo kikuu, ndani ya jengo lililokuwa zamani ghala la kahawa karibu na ziwa. Walikuwa watatu tu. Mkuu wao alikuwa Daktari Muharami, Mwislamu wa hapo hapo mjini, mtu wa suruali iliyonyooshwa pasi na maneno ya kupimwa. Fundi wao alikuwa Damian, ambaye mkewe alilalamika kwamba anaongea na pampu zaidi kuliko anavyoongea naye. Wa tatu alikuwa Joviana. Na katikati yao ilikaa mashine yenyewe, kubwa kuliko kitanda cha watu wawili, ikinguruma mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kukivunja kitu vipande vidogo visivyoonekana kwa jicho, kupima uzito wa kila kipande, kisha kuchora mistari kwenye karatasi. Kila kitu duniani kina mistari yake, na kahawa ina ya kwake. Joviana alikuwa akiitambua mistari ya kahawa kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake.

Sasa, kisa chenyewe. Mwaka ule wa sabini na sita palikuwa na posa nyumbani kwa jirani, na kahawa ya kutafuna aliiandaa shangazi yake Joviana, Ma Benigna. Nani mwingine? Hakuna aliyejua kuichemsha na majani yake na kuianika kama yeye. Uhayani mgeni haingii akatoka bila kahawa, na anayeikaribisha huweka buni ya kwanza kinywani mwake mwenyewe, wageni wakimtazama, ndipo kikapu kizunguke. Ma Benigna alitafuna, kikapu kikazunguka. Kabla jua halijazama nusu ya wageni walikuwa migombani wameshika matumbo.

Hakufa mtu. Mganga wa zahanati alisema ni samaki wa karamu ile, waliosafirishwa juani kutoka ziwani, na kweli waliokataa samaki hawakuumwa hata kidogo. Lakini nani alimsikiliza? Samaki hana jina la kuchafuliwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mushumbusi, ndiye aliyeumwa kuliko wote, na ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

"Alitafuna kwanza kwa sababu ana kinga yake," alisema. "Lisemwalo lipo!"

Basi likaenea. Sumu! Neno hilo Uhayani si la mchezo. Ma Benigna, mjane aliyelea watoto wa ukoo mzima, akawa anapita njiani na watu wanakumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni. Kikapu chake kikakaa kimejaa. Ndipo Joviana alipokuja likizo, akayakuta hayo, akapandwa na hasira, akasimama mkutanoni na kusema lile neno la mashine.

"Nipeni kahawa ile ile iliyobaki," alisema. "Naipeleka Bukoba. Mashine ikisema safi, kila mtu aje amwombe shangazi yangu radhi."

Ma Benigna akaleta kahawa, ameifunga vizuri ndani ya jani kavu la mgomba. Joviana akatikisa kichwa.

"Hapana, Shangazi. Vitu vya maabara havibebwi hivi."

Akatoa mfuko mpya wa nailoni, unaong'aa, alioununua dukani Nshamba asubuhi ile. Akaimimina kahawa humo, akaufunga mbele ya macho ya wote. Watu wakaguna kwa kuvutiwa. Chembe chache zilizosalia ndani ya jani akazitia mkobani azitafune njiani, na kwa haraka za safari akazisahau.

Wiki ile kituoni dizeli ya jenereta ilikuwa ya kubahatisha, na wakubwa wa wilaya walikuwa wanataka jibu. Ukutani Damian alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu sheria yao ya kazi: PIMA UTUPU KWANZA. Maana yake, kabla hujaweka kitu ndani ya mashine, pima chombo chako kikiwa kitupu, ujue chenyewe kinasema nini. Siku hiyo walisoma maandishi yale, wakatazama dizeli, wakaruka hatua. Joviana mwenyewe ndiye aliyesema, "Tuendelee tu, kahawa naijua."

Mistari ikatoka. Hii ya kahawa, hii ya kahawa, hii nayo ya kahawa. Halafu, kwenye uzito wa mia moja arobaini na tisa, mstari mrefu, umesimama peke yake kama mlingoti.

"Hiki nini?" aliuliza Damian.

"Sijui," alisema Joviana. Na kwa kweli hakujua.

Daktari Muharami akatia sahihi ujumbe wa maneno machache: kuna kitu kisichotambulika. Ni kweli tupu, wala hakuongeza chumvi. Lakini ujumbe ulipita wilayani, ukapanda Muleba, ukafika Nshamba, na ulipoingia kijijini ulikuwa umeshakuwa: chuo kikuu kimeona sumu. Mushumbusi akaitisha mkutano wa Jumamosi. Ajenda ilikuwa moja, Benigna aondoke kijijini, kibanja chake cha migomba kirudi kwa ukoo.

Siku ya Alhamisi mtu aliyekuja mjini kuuza ndizi akamletea Joviana salamu za shangazi yake. Joviana alitarajia lawama, na lawama angeziweza. Hazikuja.

"Amesema hivi," mtu yule alieleza, macho chini. "'Mwambie mwana wange, alisema mashine haisemi uongo. Basi aniambie, niliwalisha nini wale watu? Mimi nimekumbuka kila jani nililotia chunguni na silioni. Labda uzee.'"

Mungu wangu! Joviana alikaa kwenye ngazi za ghala akalia kwa sauti, bila kuona haya. Kufukuzwa kwa shangazi kulikuwa kubaya, lakini hili lilikuwa baya zaidi: mama yule ameanza kuishuku mikono yake mwenyewe. Na aliyemfundisha kuishuku ni yeye, na kidevu chake kile.

Alipomaliza kulia alifuta uso kwa koti la maabara, akainuka, akaingia ndani. Akasimama mbele ya maandishi mekundu.

"Damian," alisema. "Ule mfuko wa nailoni uko wapi?"

"Upo. Mtupu."

"Ndio ninaoutaka. Washa jenereta."

"Dizeli imebaki ya—"

"Washa, ndugu yangu. Ikiisha nitaikamua kwenye gari la Daktari."

Akakata kipande cha mfuko, akakiosha kwa dawa yao ya kuyeyushia, akatia tone moja ndani ya mashine. Kahawa hamna. Ndizi hamna. Mtu hamna. Kalamu ikatembea kimya kimya kwenye karatasi, ikafika mia moja arobaini na tisa, ikaruka juu. Mlingoti ule ule!

"Nailoni!" Joviana alipiga kelele. "Ni dawa inayotiwa kwenye nailoni iwe laini! Damian, tumepima mfuko! Mfuko wangu mimi!"

Akakimbilia mkoba wake. Ndani kabisa, chini ya kitana na rozari, lilikuwemo jani kavu na zile chembe alizozisahau. Akazipima kwa vyombo vya kioo, na safari hii utupu ulipimwa kwanza. Ikatoka mistari ya kahawa mpaka mwisho. Pale kwenye mia moja arobaini na tisa karatasi ilikuwa nyeupe.

Daktari Muharami aliziweka karatasi mbili kando kwa kando, akazitazama. Ilikuwa Ramadhani, na midomo yake ilikuwa mikavu.

"Tutatuma ujumbe mwingine," alisema hatimaye. "Kwamba uchunguzi unaendelea."

"Daktari, Jumamosi wanamfukuza."

"Joviana, tukisimama hadharani tukasema tulikosea, kesho nani atatuamini?"

"Tusiposema, tutajiamini wenyewe? Mimi siwezi. Ile sheria ukutani tuifute basi."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Damian," alisema, "hiyo dizeli iliyobaki itie kwenye gari."

Siku ya Jumamosi walifika jioni, Land Rover imejaa vumbi jekundu, mkutano umeshapamba moto. Ma Benigna alikuwa amekaa mkekani peke yake, kikapu chake miguuni kimefunikwa. Amekonda. Joviana alimpigia magoti kumsalimia, kisha akasimama katikati ya watu, na kidevu chake, ndiyo, kikarudi juu. Safari hii kilikuwa na sababu.

"Ndugu zangu, mimi ndiye niliyekosea. Shangazi alinipa kahawa ndani ya jani la mgomba, nikalidharau. Nikaitia kwenye nailoni yangu. Mashine ikaona nailoni. Tulipaswa kupima mfuko mtupu kwanza, na mimi ndiye niliyesema tuendelee. Kahawa ni safi. Karatasi hizi hapa."

Watu wakanong'ona. Mushumbusi akazipokea karatasi, akazigeuza juu chini, akazirudisha.

"Juzi mashine ilisema ipo," alisema. "Leo inasema haipo. Kesho je? Au hiyo mashine nayo ni ya ukoo wenu?"

Watu wakacheka. Joviana akafunua kikapu, akachukua kahawa, akaitafuna mbele ya wote.

"Wewe damu yake," mtu alisema kutoka nyuma. "Kinga ni moja."

Ndipo Daktari Muharami aliposimama.

"Mimi si wa ukoo huu," alisema. "Na ule ujumbe wa kwanza una sahihi yangu. Leo nimefunga. Tangu alfajiri tumboni mwangu hamna hata maji. Hata mimi, kwa hiyo, ni chombo kitupu, na mtaona wazi kinachoingia." Akamgeukia Ma Benigna, akainamisha kichwa. "Mama, jua likizama, naomba unifuturishe kwa kahawa yako."

Kila mtu pale alijua kuwa tumbo lenye njaa halifichi kitu. Ma Benigna alikishika kikapu kwa mikono miwili, hakukitoa.

"Waitu, Daktari," alisema kwa sauti ndogo ya heshima. "Na kama kweli nilitia kitu nisichokijua? Wewe una watoto."

"Shangazi!" Joviana alipiga magoti mbele yake. "Nitazame mimi. Ulikuwa unajua kuichemsha kabla sijazaliwa. Aliyepotea ni mimi, si wewe. Mikono yako haina kosa."

Mama yule akaitazama mikono yake. Kitu fulani usoni pake kikakaa sawa. Akasogeza kikapu mbele.

Jua likazama nyuma ya migomba. Ma Benigna akanyoosha mkono achukue buni ya kwanza, kama desturi, lakini Daktari akamzuia.

"Usitafune kwanza, Mama. Nipe mimi."

Akasema bismillahi, akatia kahawa kinywani, akatafuna taratibu. Akachota nyingine, akanywa maji. Kisha akaomba mkeka, akaswali magharibi kando ya Land Rover, kijiji kizima kikimtazama anavyoinama na kuinuka. Hakuna aliyeondoka. Akarudi, akakaa, wakangoja, giza likaingia kidogo na taa ya chemli ikawashwa. Daktari akaangalia huku na huku.

"Imebaki?" aliuliza. "Hii tamu. Mjini wanatuuzia takataka."

Damian ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikawapata wengine mmoja mmoja, kile cha watu wanaoona aibu. Bibi mmoja akaja akachota, akasema, "Nisamehe, Ma Benigna." Wengine wakafuata. Mwisho kabisa akaja Mwenyekiti Mushumbusi, akijikohoza, akanyoosha mkono. Halafu akausimamisha juu ya kikapu, akisubiri. Mazoea ni mazoea. Alikuwa anasubiri mwenyeji atafune kwanza.

Ma Benigna hakutafuna. Alikuwa amekaa wima, kidevu juu, na Joviana akaona kwa mara ya kwanza kidevu chake mwenyewe kilitoka wapi.

"Miaka yote nimewaonjea," alisema Ma Benigna. "Leo, Mwenyekiti, chukua hivyo hivyo."

Watu wote walikuwa wanamtazama Mushumbusi. Akachukua.