Anko wa Chumba cha Uani

Ukitaka habari ifike mtaa wa pili kabla chai haijapoa, mpe Cherehani. Jina hilo alipewa na mama yake mwenyewe, maana mdomo wa binti yule ukianza kushona haujui pindo linaishia wapi. Ndiyo maana Jumatatu ile aliporudi kutoka chuoni, akavua viatu, akakaa kwenye kochi akautazama ukuta bila neno, mama yake alimwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Homa huna," mama akasema. "Una nini?"

"Nimechekwa, mama. Na darasa zima. Hadi mwalimu, ila yeye alichekea kwenye leso."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Cherehani alikuwa anasoma filamu. Si kuziigiza wala kuzitengeneza, ni kuzichambua: huyu mhusika ni mtu wa namna gani, ana uhusiano gani na yule, na wote hao wanatuambia nini kuhusu jamii. Majirani walimtania kwamba anasomea kukaa mbele ya televisheni. Watanie tu, lakini somo hilo ndilo lililomwangusha mwaka jana. Mwalimu alimwandikia kwa kalamu nyekundu, "Unasimulia, huchambui," na pembeni thelathini na nne. Mwaka huu alikuwa analirudia, na chuo chao hakina mchezo, somo moja huanguki mara mbili. Asipofikisha hamsini, anafungasha virago.

Kila mwanafunzi alipangiwa filamu yake. Cherehani alipoona amepangiwa Chumba cha Uani, nusura aanguke na kiti kwa furaha. Filamu ile aliijua kama anavyoijua njia ya jikoni kwao. Alishaitazama mara nne, ukumbini kwa mjomba.

Mjomba huyo, kaka yake mama, kazi yake ni kutia sauti filamu za nje. Anakaa na maikrofoni, anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, anayageuza Kiswahili palepale na kuwasemea wote, mzee, mtoto, polisi, na mbwa akibidi. Watu wamembatiza Mdomo Kumi. Sasa Cherehani aende maktaba kupanga foleni, atazame filamu ya lugha asiyoijua, wakati ya mjomba ipo kichwani? Thubutu.

Ndani ya filamu kuna mjane, binti yake wa miaka saba, na mwanaume mpole, fundi saa, anayekaa chumba cha uani. Mtoto anamwita anko. Mwanaume anakula nao mezani, anamfunga mtoto kamba za viatu, na mwisho wa filamu anachukua begi lake anaondoka, mjane akiendelea kufua bila kugeuka. Katikati hapo anakuja karani wa sensa na fomu yake. Anamwelekezea kalamu yule mwanaume, anauliza, "Na huyu ni nani wako?" Mjane anakaa kimya kitambo kizima, nguo inamchuruzika maji mkononi, halafu ndiyo anajibu. Kwa mdomo wa mjomba, alijibu, "Huyu ni kaka yangu."

Basi Cherehani akaandika kurasa kumi na mbili za mjomba. Mjomba nguzo ya nyumba. Mjomba anayejinyima ili dada apate. Dada anayesita mbele ya karani kwa aibu, kwa kuwa kaka mtu mzima hana kwake. Akaongeza na ushahidi wa macho: mtoto na yule mwanaume wana masikio ya aina moja, yamesimama kama vishikio vya sufuria, na hapo mwongozaji anatukumbusha kwamba damu nzito kuliko maji.

Alipofika ukurasa wa tatu mbele ya darasa, mwalimu akainua mkono. "Samahani. Mjomba gani?"

"Anko, mwalimu. Wa chumba cha uani."

Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, hakubishana naye. Aliwasha projekta, akaenda moja kwa moja kwa karani wa sensa. Mjane akanyamaza, kisha akajibu, na chini ya picha maandishi ya Kiingereza yakatokea makubwa kama ya bango, maana yake moja tu: mpangaji.

Mtoto alimwita anko kama watoto wa dunia nzima wanavyomwita anko kila mwanaume aliyevaa suruali. Ndiyo hivyo tu.

Halafu jamaa mmoja wa safu ya nyuma akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kwa hiyo mpangaji na mtoto wa mwenye nyumba wana masikio yanayofanana. Mwalimu, tuendelee na huo ushahidi au tuwaite wazee?"

Hapo ndipo leso ilipotoka.

Kicheko kilipoisha, mwalimu alimwita Cherehani mezani. "Nakupa mpaka Ijumaa, na nafasi hii siigawi ovyo. Katazame filamu yenyewe, halafu uje uniambie hawa watu kila mmoja ni nani kwa mwenzake."

Mama alipoyasikia hayo yote alishusha pumzi. "Kaka yangu huyo. Tangu mdogo hajawahi kufikisha ujumbe kama alivyotumwa. Ukimtuma chumvi anarudi na salamu."

Jioni hiyo Cherehani aliona njia ya mkato. Alifungua kompyuta akaiamuru ibadilishe kila "mjomba" kuwa "mpangaji". Ikabadilisha mara sitini na moja. Akasoma: "Mpangaji ni mama wa kiume." Akasoma tena: "Hakuna mtoto asiyejivunia mpangaji wake." Na chini kidogo: "Dada akimkosea mpangaji, amewakosea wazazi wao wote wawili." Akaifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika chungu kilichoungua.

Jumanne alikwenda maktaba, akapanga foleni kama binadamu wengine, akaitazama filamu na maandishi yake. Akatoka na shida nyingine. Mjane na fundi saa hawabusiani. Hawashikani hata mkono. Hakuna anayemwambia mwenzake nakupenda. Ukisema wapenzi, huna ushahidi. Ukisema mpangaji tu, basi, hilo karani ameshaliandika, wewe umechambua nini?

Akaenda kumtafuta mchawi wake.

Mjomba alikuwa kazini, kwenye chumba alichokibandika magodoro ukutani na trei za mayai darini ili mwangwi usimchezee. Alikuwa anamsemea bibi anayelia. Akammalizia machozi, akazima maikrofoni.

"Mjomba, umeniponza."

"Salamu siku hizi zimefutwa?"

"Shikamoo mjomba, umeniponza."

"Marahaba mpwa wangu. Sasa kaa uniponde vizuri."

Alimweleza yote, pamoja na masikio. Mjomba alisikiliza huku akiviringisha waya wa maikrofoni kwenye kidole, na kwenye masikio alilazimika kutazama pembeni.

"Kusoma najua," akasema mwishowe. "Niliona imeandikwa mpangaji. Na siku ya kwanza nilisema mpangaji."

"Ikawaje?"

"Dakika ya kumi ukumbi mzima ukawa umeshamaliza filamu. 'Mpangaji gani anakatiwa mkate mkubwa kuliko wa mtoto?' Basi, wameshajua, kilichobaki wanapiga soga na kuchezea simu. Saa moja na nusu nasema peke yangu kama kichaa. Siku ya pili nikasema mjomba. Wakatulia. Wakatazama mpaka mwisho."

"Lakini ni uongo, mjomba."

"Ni uongo. Na wewe umeutazama mara nne."

"Na nimeuandikia kurasa kumi na mbili. Nikianguka nafukuzwa."

Mjomba aliacha kuviringisha waya. Hilo la kufukuzwa hakuwa amelijua. Akakuna kidevu. "Mimi nawasemea watu wa benchi, mwanangu, siwasemei walimu wa chuo. Siwezi kukuandikia. Ila Alhamisi alasiri naionyesha tena. Njoo ukae katikati yao. Usinisikilize mimi, wasikilize wao."

Alhamisi ukumbi ulikuwa na mabenchi manane na feni moja inayozunguka kwa kujishauri. Cherehani alikaa benchi la tatu, kati ya fundi viatu aliyekuja na aproni yake na mama mmoja muuza vitambaa, mnene, mwenye sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara. Daftari lilikuwa mapajani. Aliapa hatafungua mdomo, na kwa Cherehani hiyo ni kazi ya kubeba mawe.

Karani wa sensa akaja. "Na huyu ni nani wako?" Mdomo Kumi akauliza kwa sauti ya puani. Mjane akanyamaza. Nguo ikachuruzika. "Huyu ni kaka yangu."

Mama muuza vitambaa akasonya. "Kaka wa wapi."

"Si amesema mwenyewe?" fundi viatu akamjibu.

"Mimi nina kaka sita, fundi. Ukiniuliza huyu nani wako, nakujibu huku natafuna. Kaka hatafutiwi neno."

"Labda wamegombana."

"Wakigombana ndiyo atamtaja haraka zaidi, tena na sifa zake zote."

Benchi la nyuma wakacheka, mmoja akadakia, "Na yale masikio je?"

"Masikio yaacheni," mama akasema. "Masikio mtu anaweza kusingiziwa."

Kiapo cha Cherehani kikaishia hapo. Akamwinamia. "Mama, na kama angesema ni mpangaji?"

Mama alimgeukia, akamtazama kama mteja anayeuliza bei ya kitu asichokijua. "Mpangaji ndiyo kabisa. Mpangaji unamtaja hata kabla hujaulizwa, watu wasije wakafikiria mengine."

"Sasa ni nani wake?"

"Ndiyo hilo analolitafuta na yeye, binti yangu. Hebu tuache tutazame."

Cherehani akageukia picha, na kwa mara ya kwanza akaona jambo lililokuwa pale siku zote. Karani ameondoka, wanakaa kula, na yule mwanaume anaisogeza sahani yake mpaka mwisho wa meza. Mara zote alidhani anampisha mtoto nafasi. Mtoto ana nafasi tele.

Ijumaa alisimama mbele ya darasa na karatasi mbili tu. Aliziweka mezani.

"Kwanza nakiri," akasema. "Jumatatu nilichambua filamu ambayo sikuitazama. Niliisikiliza kwa mjomba wangu wa kweli, ambaye anatia sauti, na yeye akamgeuza mpangaji kuwa kaka. Kwa hiyo mjomba niliyemwandika ni wangu, si wa filamu."

Wakacheka, naye akangoja wamalize.

"Lakini watu wa ukumbini hawakudanganyika, na kilichowazindua ni kile kimya. Neno kaka halina haja ya kutafutwa. Nikarudi kwenye filamu yenyewe, mambo yakawa yaleyale. Mpangaji nalo ni neno jepesi, halimchukui mtu muda wote ule. Ukitazama fomu ya karani inaonekana vizuri, ina visanduku vinne. Mume, mtoto, ndugu, mpangaji. Mjane anavipitia vyote kichwani, huku nguo inachuruzika, na mtu wake hamo. Jamii yake ina jina la kila anayekula mezani isipokuwa huyu. Basi anachagua lile litakalomkinga na maneno ya watu. Na jina hilo ndilo linalomfukuza, maana mlo unaofuata mwanaume anahamisha sahani yake mwisho wa meza, na siku chache baadaye anabeba begi. Hakufukuzwa na mtu. Alisikia ameandikwa nani, akaenda kuwa huyo."

Akaishia hapo. Hata yeye alishangaa ameishiwa maneno.

"Na masikio?" akauliza yule jamaa wa nyuma.

"Masikio nimeyatoa. Mwigizaji hakujichagulia masikio yake."

Safari hii walicheka upande wake. Mwalimu alirudisha filamu kwenye meza ya chakula, akaitazama sahani ikisogea, akairudisha, akaitazama tena. Miaka yote alikuwa anafundisha filamu hiyo, na mkono wake sasa ulikuwa unaandika pembezoni mwa daftari lake mwenyewe.

"Nani amekufundisha kukisoma kile kimya?"

"Mama muuza vitambaa, mwalimu. Benchi la tatu."

"Msalimie." Mwalimu akavaa miwani. "Kwa uchambuzi wa leo, sabini na tano. Kwa kuniletea Jumatatu filamu ya kusimuliwa, nakukata kumi na saba, na nilitaka kukukata zaidi. Umebaki na hamsini na nane. Umepita. Kaa chini, wenzako wana zamu."

Kukaa kulimshinda. Aliomba ruhusa, akatoka kwenye korido, akapiga simu huku amebana mgongo ukutani ili asiruke.

"Nimepita, mama. Yaani nimepita, sirudii tena, sifungashi, nimepita."

Upande wa pili sufuria ililia kwenye sinki, kisha kukawa na pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Kwa ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Na hizo nyingine arobaini na mbili zimeenda wapi?"

"Kumi na saba kazila kaka yako," Cherehani akasema. "Hizo zilizobaki, subiri nifike, habari yake ni ndefu."