Fundi na Ukuta Wake

Miaka thelathini na miwili ya kuinamia cherehani ilikuwa imemkunja fundi mgongo, hata akitembea ungedhani kadondosha sindano na bado anaitafuta. Mwenyewe hakuwa na habari. Wateja walimwamkia, naye aliitikia akitazama viatu vyao, na siku zikapita.

Habari alizipata jikoni, kwa bintiye kitinda mimba, aliyekuja kusalimia kutoka mji wa mbali alikofanya kazi, akiwa amebakiza miezi mitatu aolewe. Binti alisema kwa upole, "Baba, ule ukumbi ni mrefu. Ukiona mgongo wako huo utakuchosha, mjomba atanishika mkono aniingize yeye."

Mjomba! Shemeji yake huyo alikuwa na kifua mbele na maneno mengi, na fundi alimvumilia tu kwa heshima ya mkewe. Iliuma, tena sana, na chakula kikamshinda. Asubuhi yake hakufungua duka, akaenda zahanati kumwona mtaalamu wa viungo.

"Huumwi," mtaalamu, mama mmoja asiye na mzaha, alimwambia fundi. "Misuli imelala. Kila siku, asubuhi na jioni, simama ukutani. Visigino, makalio, mabega na kisogo, vyote viguse. Pandisha mikono, shusha, mara kumi. Na kila nusu saa uinuke kwenye hiyo cherehani yako."

Siku ya kwanza kisogo kiligoma kabisa. Kati yake na ukuta ungepitisha tikiti maji. Mkewe alicheka weee, kisha akaja kusimama kando yake, akasema hata yeye beseni za kufulia hazijamwacha salama. Dukani wateja walimkuta kabandikwa ukutani, mikono juu.

"Fundi, umekamatwa?"

"Nane," alijibu. "Tisa. Subiri."

Juma hilohilo la kwanza alijishonea suti ya harusi. Hakujipima. Fundi gani anajipima? Vipimo vyake alivijua kwa kichwa: mgongoni parefu, mbele pafupi, maana ndivyo koti linavyomkaa mtu aliyeinama. Akaipiga pasi, akaitundika kabatini, akarudi ukutani. Na huyu ndiye aliyekuwa akiwagombeza wateja kila siku kwa kutokuja kujaribu nguo zao!

Mwezi wa pili ukiwa unaishia, kisogo kikagusa ukuta. Fundi alipiga ukelele wa furaha hata mkewe akaja mbio, akidhani kaungua na pasi.

Asubuhi ya harusi akavaa suti mbele ya kioo. Lo! Mbele koti limepanda mpaka kitovuni, nyuma limejaa mikunjo na kuning'inia. Mkewe akakaa kitandani, hoi kwa kicheko. Fundi akainama kidogo, kama zamani. Koti likatulia, likamkaa sawasawa, mshono kwa mshono. Akanyooka, likaharibika tena.

Hapo kicheko kikakatika. Nusu ya waalikwa walikuwa wateja wake, wamevaa kazi ya mikono yake, na yeye ndiye angeingia na koti bovu kuliko yote. Muda wa kufumua haukuwepo, gari lilishapiga honi.

"Inama tu, baba watoto," mkewe alisema. "Ni dakika chache."

Fundi alijitazama kwa muda, ameinama. Kisha akavuta pumzi, akanyooka, akatoka nje.

Mlangoni pa ukumbi shemeji alikuwa tayari, tai imekazwa. "Usijisumbue, shemeji, nitamwingiza mimi."

"Nenda kakae," fundi alimwambia. Shemeji alilitazama koti, akaenda kukaa.

Binti, ambaye hakuwa amemwona baba tangu siku ile ya jikoni, alishuka garini na viatu vyake virefu, akaja, akainamisha uso kutafuta upara wa babake kama alivyozoea miaka yote. Hakuukuta. Akainua macho taratibu, yakakutana na ya baba, sawa kwa sawa. Machozi yakamlenga. Fundi akampa mkono. Binti aliushika kwa nguvu, ndipo akaliona koti, na kicheko kikamtoka katikati ya kilio.

"Baba jamani! Nani kakushonea hili koti?"

"Fundi mmoja mwenye kibyongo," alisema, wakianza kutembea. "Siku hizi simwoni."